Kabla rufaa ya wenzako haijaamua kesi yako

Kampuni yenye kesi ya madai huwa makini na tarehe zake yenyewe: siku ya kutajwa, siku ya mashahidi, siku ya hukumu. Mara nyingi kinachokuja kuipiga kikumbo ni rufaa ya watu wengine kabisa, iliyokuwa ikisubiri zamu yake katika mahakama ya juu ya nchi bila mtu hata mmoja pale ofisini kuwa na habari nayo.

Wafadhili wa kesi nchini Uingereza yaliwakuta hayo tarehe 26 Julai 2023. Mgogoro wenyewe ulitokana na madai dhidi ya kampuni za malori zilizokula njama ya bei, lakini Mahakama ya Juu iliulizwa jambo la pembeni: mfadhili anayegharimia kesi ili alipwe asilimia ya fidia, mkataba wake unahesabiwa kuwa wa aina gani? Majaji wanne kati ya watano wakasema unaangukia kwenye mikataba ya malipo yanayotegemea fidia, ambayo ina masharti yake kisheria. Kama haukuyatimiza, hautekelezeki. Mikataba chungu nzima iliyoandikwa kwa mtindo huo ikapoteza nguvu siku hiyo, hata ya watu wasiohusika na lori lolote. Wafadhili wakakimbilia kuiandika upya, malipo yakawa mara kadhaa ya pesa waliyotoa badala ya asilimia.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kusoma swali ambalo mahakama imekubali kulijibu, achana na kichwa cha habari. Marekani, majaji wanne kati ya tisa wakikubali, rufaa inapokelewa, na swali lenyewe huandikwa wazi kwenye nyaraka. Liweke mezani kando ya hati yako ya utetezi, kisha mwambie wakili akuonyeshe kwa kidole ni aya gani inayoguswa. Akishindwa, huenda rufaa hiyo haikuhusu, na umeokoa ada. Ikiwa inakuhusu lakini hoja hiyo haimo kabisa kwenye utetezi wako, omba kuufanyia marekebisho sasa. Mahakama za juu hazipendi hoja inayozaliwa kwenye rufaa, na jaji wa chini hawezi kukupa nafuu ambayo hukuiomba.

Nitakaa zaidi kwenye muda, maana hapo ndipo watu wanapoumia. Kusubiri mahakama ya juu hakusimamishi saa ya ukomo, yaani muda ambao sheria inakupa wa kufungua shauri. Mdai anayesema “tungoje kwanza tuone watasemaje” anaweza kuisikia hukumu nzuri ajabu akiwa tayari amechelewa kufungua shauri. Afungue kesi ya kujilinda, yaani aifungue kabla muda haujaisha hata kama bado anasubiri, au akubaliane kwa maandishi na upande wa pili kwamba saa isimame, ikiwa sheria ya mahali hapo inaruhusu. Hali kadhalika kwa aliyeshindwa rufaa: Marekani ana siku 90 za kuomba Mahakama ya Juu imsikilize, Kanada kwa kawaida ni siku 60. Ukiziacha zipite, hukumu yako inakuwa ya mwisho, na sheria ikibadilika mwezi ujao kwa kawaida hakuna anayekufungulia mlango tena. Ombi lililowasilishwa kwa wakati, hata kama ni jembamba, linaiweka kesi hai.

Kuomba shauri lako lisimame mpaka rufaa ile iamuliwe ni haki yako kuuliza, lakini jaji halazimiki kukubali. Mimi nisingeomba kama shahidi wangu mkuu ni mzee au amekwisha kuacha kazi.

Kwenye mikataba, tafuta vifungu vilivyonakiliwa kila mahali. Uber ilikuwa na kifungu kilichompeleka dereva wa Kanada kwenye usuluhishi chini ya sheria za Uholanzi, kwa ada ya kuanzia ya karibu dola 14,500 za Marekani. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Kanada ikakibatilisha. Kifungu kama hicho kikiwa ndani ya mikataba elfu moja, huo ni udhaifu mmoja uliorudiwa mara elfu.

Halafu hesabu. Mwambie mhasibu atenge fedha kwa sura mbili, tukishinda hoja ile na tukishindwa. Katika kesi ya mwaka 2021 ya TransUnion, kampuni inayokusanya taarifa za mikopo za watu, kundi la wadai lilikuwa na watu 8,185. Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura tano dhidi ya nne, ikasema waliokuwa na haki ya kudai fidia kwa taarifa zao za mikopo kuwa na kosa ni 1,853 tu, wale ambao taarifa hizo zilipelekwa kwa wengine. Anayetaka kumaliza kesi nje ya mahakama kabla ya hukumu ya namna hiyo ajue ananunua nini, na makubaliano yaseme nani anabeba hasara sheria ikigeuka.

Barua pepe zisifutwe. Hilo halihitaji maelezo.

Chama cha wafanyabiashara kinaweza kuomba kuingia kama rafiki wa mahakama, yaani asiye mdai wala mdaiwa anayewapa majaji maoni yake, ila kikirudia yale yale ya wakili wa upande mmoja, majaji watageuza ukurasa. Kieleze jinsi biashara yenyewe inavyoendeshwa.

Siku ya hukumu, panga mapema nani anasoma na nani anajibu simu. Mahakama ya Juu ya Uingereza hutoa muhtasari kwa waandishi wa habari, ya Marekani hutanguliza wa kwake, na zote mbili hueleza kwamba muhtasari huo si sehemu ya hukumu. Barua kwa upande wa pili isiondoke ofisini kabla mtu hajafika kwenye aya zenyewe.