Kuwanusuru Nyuki Siku ya Kupuliza Dawa ya Mbu

Nafuga nyuki, na pia huwa naandamana na timu za kupuliza dawa ya mbu. Wafugaji wenzangu huniona msaliti kidogo. Lakini malaria na dengue zinaua, sina ubishi na hilo. Ubishi wangu ni wa saa: dawa ileile inayofagia mzinga ikipulizwa saa nne asubuhi, ikipulizwa saa mbili usiku huwakuta nyuki wako ndani.

Hatua ya 1: Jua unapambana na mbu gani

Anopheles, anayeeneza malaria, huuma usiku. Aedes wa dengue huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri, wakati nyuki nao wako kwenye maua. Kwa huyu wa pili, moshi wa dawa ni silaha mbovu. Nguvu ipeleke kwenye maji.

Hatua ya 2: Anza na maji

Chota maji ya pipa au ya tairi kwa bakuli jeupe, ulitulize. Ukiona vijidudu vinavyokimbilia chini vikijinyonganyonga, kisha vinapanda tena kuvuta hewa, hao ndio viluwiluwi. Kwenye joto, yai huwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hivi, kwa hiyo mwaga maji kila wiki bila kuruka. Na usimwage tu: sugua kuta za chombo kwa brashi. Mayai ya Aedes hunata pembeni na hustahimili ukavu kwa miezi.

Maji yasiyomwagika yatie dawa iliyotengenezwa kwa bakteria aitwaye Bti. Viluwiluwi wakimla, matumbo yao huharibika wakafa. Nyuki anayekunywa maji hayo hadhuriki. Oili chafu usimwage humo.

Hatua ya 3: Tafuta mizinga iko wapi

Nyuki huenda kilomita 3 na zaidi kutafuta chakula, hivyo kuuliza majirani wa karibu tu hakutoshi. Andika kila mzinga, na nyuki wa kwenye mapango ya miti pia. Waarifu wafugaji angalau siku 2 kabla, kwa simu, tena uwatajie saa na jina la dawa. Wako pia nyuki wapweke wanaochimba vijishimo ardhini. Hao hakuna wa kuwafunika. Wakwepeshe kwa kutopuliza pale walipo.

Hatua ya 4: Soma lebo

Permethrin, deltamethrin, malathion, naled: zote huua nyuki. Dawa ya unga, au ile iliyofungwa ndani ya vidonge vidogo mno, ina ubaya wa ziada, kwani hunasa kwenye manyoya ya nyuki kama chavua akaibeba mpaka kwa wana.

Agosti 28, 2016, katika kaunti ya Dorchester, South Carolina, Marekani, ndege ilimwaga naled kwa hofu ya Zika, ugonjwa mwingine wa mbu. Ilikuwa asubuhi, nyuki wakiwa wametoka. Walikufa kwa mamilioni.

Hatua ya 5: Funika mizinga jioni

Subiri giza liingie ili wachumaji warudi. Loweka gunia la katani, likamue lisichuruzike, ulitandike juu ya mzinga lishuke mpaka mlangoni. Chomeka kijiti kati ya gunia na mlango ili hewa ipite. Nyuki wakiwa wamerundikana nje kwa joto, wanyunyizie maji kidogo, wataingia wenyewe.

Nailoni, hapana. Mwaka wangu wa kwanza nilifunika mzinga mmoja kwa turubai nikaenda kulala. Alfajiri nilikuta masega yamelegea yakaanguka, asali inachuruzika mlangoni, na nyuki wamelala humo wamelowa. Dawa haikuwafikia kabisa. Niliwaua mimi.

Hatua ya 6: Kupuliza kwenyewe

Jua likishatua, upepo ukiwa mdogo. Ukizidi kilomita 16 kwa saa, ahirisha. Mdomo wa mashine usielekee miti yenye maua, na kumbuka nondo, nao huchavusha usiku. Anayekushauri upake dawa majani ya uzio wa mimea ili "ikae" mkatalie panapochanua: dawa hiyo inaweza kubaki majanini kwa wiki kadhaa, na nyuki watarudi pale kila siku.

Hatua ya 7: Asubuhi

Ondoa magunia kabla jua halijawa kali. Mwaga maji yaliyoachwa wazi, uwawekee nyuki mapya kwenye sinia lenye kokoto wasizame, ukiyabadilisha kila baada ya siku 2.

Kisha chuchumaa mlangoni. Maiti wachache ni kawaida ya kila siku. Lakini ukikuta rundo, wengine wanatetemeka na kuzunguka hovyo, ndimi zimetoka nje, hiyo ni sumu. Piga picha, kusanya nusu kikombe cha waliokufa karibuni, wagandishe kwenye friza siku hiyohiyo. Wakishaoza maabara haitakuwa na cha kupima.