Jinsi ya Kulizuru Gereza la Kisiwa cha Robben

Wageni wengi wanaokwenda Kisiwa cha Robben, Afrika Kusini, huwa na haraka ya kuiona seli ya Nelson Mandela, na wakishaipiga picha huona wamemaliza ziara. Ningekushauri uende na shabaha nyingine, nayo ni kutafuta mambo madogo ya kila siku ambayo wafungwa walinyimwa, kwa kuwa uhuru wao ulimegwa humo kidogo kidogo.

Nunua tiketi mapema. Boti huondokea V&A Waterfront mjini Cape Town, na ziara huchukua nusu siku hivi. Beba nguo ya kukinga upepo, wala usipange shughuli nyingine muhimu siku hiyo, kwani bahari ikichafuka safari huahirishwa.

Gerezani, kwa kawaida wageni huongozwa na mtu aliyewahi kufungwa humo humo. Muulize waliamshwaje, walilalia nini, na habari za msiba wa nyumbani ziliwafikiaje. Akilikwepa swali, usimshikilie, maana si kila jambo mtu huweza kulisimulia mbele ya wageni.

Unapofika kwenye ubao wa mgao wa chakula, simama uusome wote. Wafungwa waliohesabiwa kuwa machotara au Waasia walitengewa mkate na jamu, ilhali Waafrika hawakutengewa. Ndivyo ilivyokuwa kwa mavazi pia: katika miaka ya mwanzo Waafrika walivalishwa kaptura, hata kwenye baridi kali, na wenzao wakapewa suruali ndefu. Watu waliofungwa kwa kuupinga utawala wa ubaguzi wa rangi wakaendelea kubaguliwa hadi kwenye sahani, na kwangu mimi ubao huo unaeleza utawala ule vizuri kuliko hotuba nyingi.

Mandela alikaa kisiwani kuanzia 1964 hadi 1982, katika seli ambayo urefu wake aliumaliza kwa hatua tatu. Hutaingia ndani, lakini unaweza kuzipima hatua hizo tatu ushorobani, ugeuke, urudi, ugeuke tena. Vua saa pia, na uzime simu, kwa sababu wafungwa hawakuruhusiwa kuwa na saa. Siku yao iliendeshwa kwa kengele, filimbi na amri. Kwenye machimbo ya chokaa, hasa jua likiwa kali, angalia jinsi mwamba mweupe unavyoumiza macho, ukikumbuka kwamba waliochimba hapo walinyimwa miwani ya jua kwa miaka kadhaa.

Ukirudi mjini, keti umwandikie mtu umpendaye barua isiyozidi maneno 500. Hicho ndicho kipimo walichowekewa wafungwa wa daraja la D, yaani la chini kabisa, walioruhusiwa barua moja tu kila miezi 6, nayo ilipitiwa na askari magereza kabla ya kutumwa. Andika kwanza orodha ya yote unayotaka kusema, yaani habari za watoto, ugonjwa, madeni na mapenzi, kisha anza kuyafuta yatakayosubiri nusu mwaka.