Namur mpaka Liège kwa njia ndefu: namna ya kupanga safari ya kufuata mito

Ukiiambia simu ikupeleke Liège kutoka Namur itakurusha haiwei ya E42, kilomita 60 na kitu, ndani ya saa moja umefika na ulichoona njiani ni malori tu. Kama una haraka sawa, nenda. Ila kama umekodi gari kwa sababu unataka kuiona Ubelgiji ya kusini, achana na hiyo njia kabisa. Nayotaka kukuelezea ni ile ndefu, kati ya kilomita 180 na 200 kutegemea unachepuka mara ngapi, na kanuni ya kuipanga ni moja: usianze na miji, anza na mito. Unapanda na Meuse mpaka Dinant, unaingia upande wa Lesse, unavuka vilima, unaukuta mto Ourthe pale mji wa La Roche, af unateremka nao mpaka unapoingia tena Meuse hukohuko Liège. Milima ya Ardennes imekatwakatwa na hii mito na barabara nyingi nzuri zimepita kando ya maji, kwahiyo ukiushika mto mandhari inakuja yenyewe.

Tuanze na simu. Kwenye ramani weka chaguo la kukwepa haiwei halafu ingiza vituo mwenyewe kwa mpangilio huu: Namur, Dinant, Celles, Han-sur-Lesse, La Roche-en-Ardenne, Hotton, Durbuy, Comblain-au-Pont, Esneux, Liège. Usiingize mwanzo na mwisho tu ukategemea itajua unachotaka, yenyewe inatafuta dakika za kuokoa. Pakua na ramani ya kutumia bila intaneti manake kwenye mabonde mtandao unakatikakatika.

Siku mbili, na hapo sina mjadala. Usukani pekee ni kama masaa manne au matano, sasa ukijumlisha pango, ngome, chakula na kusimamasimama, siku moja itakufanya uwe unakimbia tu. Lala La Roche, ni katikati na hoteli zipo. Angalia na msimu: mwishoni mwa Juni jua linazama karibu saa nne usiku, Desemba linazama kama saa kumi na nusu jioni, ni tofauti kubwa sana ya vituo unavyoweza kuviona. Mimi ningechagua Mei, Juni au nusu ya pili ya Oktoba misitu ikiwa imegeuka rangi. Julai na Agosti ni pazuri ila pakingi ni vita.

Sheria za barabarani zisikupite. Wanaendesha kulia. Upande huu wa Wallonia, yaani Ubelgiji ya kusini inayoongea Kifaransa, ni kilomita 50 kwa saa ndani ya makazi, 90 nje ya makazi, 120 haiwei, isipokuwa kibao kiseme vingine, na kamera ni nyingi. Kinachowakamata wageni zaidi ni kipaumbele cha kulia: gari linalotokea kulia kwako lina haki ya kupita hata kama linatoka kwenye kichochoro na wewe uko kwenye barabara inayoonekana kubwa. Ukiona kibao cha almasi ya njano maana yake barabara yako ndiyo yenye kipaumbele, tulia. Usipokiona, kila makutano punguza mwendo utazame kulia, hasa vijijini, manake mwenyeji hasimami, anajua haki ni yake. Kwenye sheli petroli ya kawaida imeandikwa E10 na dizeli ni B7, na pampu nyingi hazina mtu, unatumia kadi yenye namba ya siri. Haiwei hazina malipo kwa magari madogo. Brussels, Antwerp na Ghent zina kanda zinazozuia magari yanayochafua hewa, ila njia hii haipiti huko, japo gari ukilichukulia Brussels ulizia. Na ukiwa unatokea upande wa Waflandria, kaskazini wanakoongea Kiholanzi, vibao vitakuandikia Namen na Luik, ni Namur na Liège hizohizo.

Sasa twende. Namur anza juu kwenye ngome, ukisimama pale unaona Sambre ukiingia Meuse na unaelewa kwa nini kila jeshi lilitaka hicho kilima. Ukishuka shika N92 kuelekea Dinant, karibu kilomita 28, na hiki ndo kipande ambacho nakuomba usikiharakishe. Dakika chache tu nje ya mji unaingia Wépion, kijiji kinachojulikana Ubelgiji nzima kwa stroberi, na msimu wake (Mei hadi Julai hivi) utakuta vibanda kando ya barabara, nunua kikapu kimoja mle njiani. Mbele kidogo, ukichepuka kulia, kuna bustani za Annevoie zilizoanzishwa mwaka 1758, zina chemchemi za kurusha maji ambazo hazitumii pampu hata moja, ni maji ya kilimani yanashuka kwa uzito wake tu na yamefanya hivyo zaidi ya karne mbili. Hazifunguliwi mwaka mzima, angalia kalenda yao kabla. Baada ya hapo miamba inaanza kusogea mpaka ukingoni mwa mto, na ghafla unaona Dinant.

Dinant ipe masaa matatu. Kanisa lenye kuba la umbo la kitunguu limebanwa kati ya mto na mwamba, juu ya mwamba kuna ngome, unapanda kwa ngazi 408 au kwa kigari cha kamba kama magoti hayataki. Daraja limepangwa sanamu za saksafoni zenye rangi kwa sababu Adolphe Sax aliyeibuni alizaliwa hapa mwaka 1814. Daraja lenyewe lina jina la Charles de Gaulle, aliyekuja kuwa rais wa Ufaransa, alijeruhiwa hapo Agosti 1914 akiwa luteni kijana, na siku chache baadaye, tarehe 23, jeshi la Ujerumani liliua raia wengi mno mjini humu, idadi yao inatajwa kuwa 674. Usipite bila kusimama kwenye kumbukumbu yao.

Nunua na couque de Dinant, biskuti ya unga wa ngano na asali basi, hakuna maji hakuna mayai. Donge linakandamizwa kwenye kibao cha mbao kilichochongwa, likitoka unaona mpaka mishipa ya jani au manyoya ya ndege. Ikipoa ni ngumu kweli, usiing'ate, vunja kipande kidogo weka mdomoni ikalainike yenyewe. Ukiondoka mjini kuelekea kusini barabara inapita kati ya ukuta wa mlima na jiwe refu jembamba lililosimama peke yake, Rocher Bayard, hadithi inasema Bayard, farasi wa ngano za kale, ndiye alipasua mwamba kwa kwato zake. Simamisha gari baada ya kupita, sio kabla, ndo picha inatoka vizuri.

Kutoka hapo panda kwenda Celles. Kwenye njia panda utakuta kifaru cha Kijerumani aina ya Panther kimesimama tangu Vita ya Pili ya Dunia, ni maeneo haya ambapo mashambulizi ya Wajerumani ya Ardennes yalikomea Krismasi ya 1944, kilomita chache tu kabla ya kuufikia Meuse. Jirani kuna kasri la Vêves lenye minara ya kuchongoka, hata usipoingia ndani ukiliona kutoka chini barabarani inatosha.

Han-sur-Lesse ni pango. Mto Lesse unaingia chini ya kilima unapotea halafu unatokea upande wa pili, na wewe unapelekwa mlangoni na tramu ya zamani kisha unatembea ndani kwa miguu. Ndani ni nyuzi 13 kiangazi na masika, kwahiyo beba sweta hata kama nje unatoka jasho, na tiketi kata mapema mitandaoni. Hapo ndo kikwazo cha siku ya kwanza: ukikosa mzunguko wa mwisho wa kuongozwa umekosa, sasa panga siku nzima kurudi nyuma kuanzia saa ya tiketi yako.

Chakula nacho kipangie. Vijijini majiko mengi yanafungwa kuanzia kama saa nane mchana mpaka saa kumi na mbili jioni, na Jumatatu au Jumanne mgahawa mzima unaweza kuwa umefungwa. Beba mkate na jibini kwenye gari usilie njaa.

Siku ya pili kutoka La Roche, baada ya kupanda magofu ya ngome asubuhi, ni ya kuteremka tu na Ourthe. Hotton pita. Durbuy fika kabla ya saa nne asubuhi, mji mdogo wa mawe uliopewa hadhi ya mji mwaka 1331, vichochoro havina magari na pakingi ziko nje, lakini wikiendi mchana watu wanajaa mpaka huoni mawe yenyewe. Pale Comblain-au-Pont Ourthe unapokea mto Amblève, na kuanzia eneo hilo N633 inakupeleka Esneux. Kabla ya kumaliza chepuka kwenda Roche-aux-Faucons, unaacha gari unatembea kidogo, na chini yako mto umejikunja karibu duara zima.

Liège usizunguke katikati na gari. Kama ni la kukodi lijaze mafuta Angleur, ni mlangoni mwa mji, kisha ulirudishe, ila hakikisha saa za ofisi siku ya kubuku manake Jumamosi mchana nyingi zimeshafungwa na Jumapili hazifunguliwi. Ukishakabidhi funguo ndo utafute waffle ya Liège yenye vipande vya sukari iliyoungua, iliwe ya moto, kabla ya kuzipanda ngazi 374 za Bueren, ngazi ndefu za kupandia kilima mjini humo.