Kitu Kimeota Kwenye Tangi Jipya la Maji ya Chumvi: Kitambue Kabla ya Kukiua

Wiki ya tatu baada ya kujaza tangi langu la samaki la lita 120 hapa Ntinda, niliamka nikakuta mchanga mweupe umekuwa rangi ya chai ya maziwa. Nilishtuka. Kutoka Kampala hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,000, kwa hiyo bahari yangu niliichanganya mwenyewe, jerikeni baada ya jerikeni, na kila tone lilikuwa na jasho langu. Ndiyo maana namwelewa mtu anayekimbilia dawa. Lakini nakusihi, usimwage chochote humo mpaka ujue kilichoota ni nini.

Vaa glavu, kisha paguse. Ikiwa ni vumbi la kahawia linalopeperuka kama unga, hizo ni diatomu, mwani wa chembe moja. Hujijengea maganda kwa silika, na maji ya bomba huwa nayo. Silika ikiisha, nazo hupungua zenyewe. Mchanga wangu ulirudi kuwa mweupe bila dawa. Nilichobadilisha ni maji ya kuongezea tu, nikaanza kutumia yaliyochujwa kwa mashine ya osmosi, inayoondoa silika na madini mengine.

Ukikuta utando mwekundu au wa zambarau unaobanduka kipande kizima kama malai juu ya maziwa, tena unanuka, huo si mwani bali ni bakteria, sianobakteria. Uvute nje kwa mpira wa maji, punguza chakula cha samaki, elekeza pampu pale maji yalipotulia.

Madoa ya waridi magumu ambayo hata mswaki hauyatoi, yaache. Huo ni mwani wa chokaa, na mimi nilipouona mara ya kwanza nilifurahi sana.

Kinachosumbua watu zaidi ni kamasi ya kahawia yenye nyuzi, kila uzi umebeba kiputo cha hewa nchani. Hapo shuku dinoflajelati, viumbe vya chembe moja. Mchana zimejaa, lakini saa tano usiku, taa zikiwa zimezimwa muda mrefu, mulika tochi: mara nyingi utakuta mchanga karibu safi, na kesho mchana zimerudi. Kipimo kingine ninachokiamini: vuta kidogo kwenye chupa angavu, itikise mpaka kamasi ivunjike, chuja kwa karatasi ya jikoni, kisha weka yale maji kwenye mwanga kwa saa moja. Nyuzi zikijikusanya upya, ni zenyewe. Diatomu hazifanyi hivyo. Pima nitrati na fosfeti, virutubisho vilivyomo majini. Mara nyingi utakuta zote ni sifuri. Maji yamekuwa safi kupita kiasi, vijidudu wengine wamekosa chakula, na hizi zimepata nafasi. Kwa hiyo kubadilisha maji kila siku, jambo ambalo kila mtu atakushauri, kunaweza kuzizidisha.

Halafu kuna kile kinachofanana na mnazi mdogo wa kahawia, shina laini na makuti yanayopepea, ukikikaribia kinajivuta ndani ya tundu la jiwe. Ni aiptasia, aina ya anemoni, mnyama wa baharini anayechoma matumbawe. Cha kwanza nilikikata kwa mkasi. Vipande vilisambaa na kila kimoja kikaota. Ndani ya mwezi nilihesabu kumi na moja. Usikikate wala usikikwangue. Zima pampu, vuta maji ya limau kwenye bomba la sindano, yadunge moja kwa moja mdomoni mwake. Fanya viwili au vitatu kwa siku, asidi ya limau isije ikashusha pH, yaani maji yakawa na asidi zaidi.

Vipete vyeupe vidogo vilivyojizungusha kama konokono kwenye kioo ni nyumba za minyoo wanaochuja maji. Hawana ubaya.

Kama bado umekwama, piga picha mbili za mahali palepale, moja saa saba mchana na nyingine usiku wa manane, huku umeshikiza sarafu ya shilingi 100 nje ya kioo ili ukubwa uonekane. Mwonyeshe mfugaji samaki mwenzako zote mbili, pamoja na vipimo vya maji vya siku hiyohiyo.