Kabla hujaingia kwenye hesabu za GRE

Kila ifikapo Agosti huanza kupokea ujumbe wa aina moja. "Shikamoo dada. Nataka kuomba shahada ya uzamili Marekani, wanataka GRE, na hesabu niliziacha kidato cha nne. Nitaweza?" GRE ni mtihani ambao baadhi ya vyuo huutaka kwa anayeomba shahada ya uzamili, na ndani yake kuna hesabu. Nikishaitikia marahaba, jibu langu halibadiliki: utaweza, ila kuna mambo ya kuweka sawa kabla hujafungua kitabu. Nimeona vijana wenye akili nzuri sana wakipoteza miezi kwa kusoma kisichoulizwa.

La kwanza kabisa, hakikisha kwamba mtihani unahitajika. Tangu 2020 idara nyingi za vyuo vya Marekani zimeacha kuudai, na nyingine zimeufanya wa hiari. Usisome ukurasa wa chuo kwa jumla, fungua ukurasa wa idara unayoomba, na ukibaki na shaka waandikie barua pepe. Ada ni dola 220 katika nchi nyingi. Hiyo si fedha ya kutoa kwa kubahatisha.

Ukishathibitisha, jua unachokwenda kupimwa. Hesabu za GRE ni za sekondari: hesabu za kawaida za sehemu, asilimia na uwiano, aljebra, jometri, na takwimu pamoja na uwezekano. Hakuna trigonometria, hakuna kalkulasi, wala hutaambiwa uthibitishe kanuni. Aliyesoma hesabu chuo kikuu hana siri ambayo wewe huna. Kinachopimwa ni kama unasoma kwa uangalifu, kwa Kiingereza, huku saa inakukimbiza. Maandalizi yote niyaonayo ya maana yanatoka hapo.

Kuhusu saa, kuwa mwangalifu na vitabu vya zamani. Tangu Septemba 2023 mtihani ulifupishwa hadi saa moja na dakika 58. Hesabu zina sehemu mbili: ya kwanza maswali 12 kwa dakika 21, ya pili maswali 15 kwa dakika 26. Vitabu vingi vinavyozunguka kwenye makundi ya WhatsApp bado vinasema maswali 20 kwa dakika 35. Maswali yake yanafaa kwa mazoezi, mpangilio wake usiufuate. Na ukikuta kitabu kinachotaja alama 200 hadi 800, hicho ni cha kabla ya Agosti 2011, kiweke pembeni. Siku hizi alama za hesabu ni kuanzia 130 hadi 170.

Kabla ya kupanga ratiba yoyote, fanya jaribio zima. ETS, ambao ndio wenye mtihani, wanatoa majaribio mawili ya bure ya POWERPREP kwa anayefungua akaunti kwao. Moja lifanye mwanzoni kabisa, hata kama unaona aibu kwamba umesahau kila kitu. La pili litunze hadi wiki mbili kabla ya siku yenyewe. Wengi huyamaliza yote wiki ya kwanza, kisha wanaingia kwenye mtihani bila kipimo chochote cha kweli cha walipofika.

Sasa lugha, na hapa naomba usinisome haraka. Wengi wetu tulijifunza hesabu shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari tukageuziwa kwa Kiingereza. Kichwani namba tasa, namba shufwa, namba witiri na baki bado vina sauti ya mwalimu wa darasa la tano. Kwenye skrini utakuta "prime", "even", "odd" na "remainder", na katika ile sekunde ya kutafsiri ndipo maana huponyoka. Tenga daftari dogo, Kiingereza upande mmoja, Kiswahili upande wa pili, na chini ya kila neno andika mipaka yake: 1 si namba tasa, 2 ni tasa, tena ndiyo shufwa pekee iliyo tasa, 0 ni shufwa, na si chanya wala hasi. Swali likisema x ni "integer" lina maana ni namba kamili, na hasi zimo. Lisiposema hivyo, x inaweza kuwa nusu, au robo, au kipeuo cha pili cha 2. Kijana mmoja niliyemsaidia, mhandisi kabisa, alikuwa akikosa maswali mepesi mengi kuliko dada aliyesoma historia, kwa sababu tu aliruka neno hilo moja.

Asilimia nazo zina mtego wake. Mshahara ukipanda kutoka 400,000 hadi 500,000 umeongezeka kwa asilimia 25. Ukirudi kutoka 500,000 hadi 400,000 umepungua kwa asilimia 20, ingawa ni ile ile laki moja. Kila unapoona asilimia jiulize: ya nini? Andika jibu la swali hilo kabla ya kukokotoa.

Kuna aina ya maswali ambayo huenda hukuwahi kuyaona shuleni, ya kulinganisha. Unapewa Kiasi A na Kiasi B, na majibu manne yasiyobadilika: A ni kikubwa, B ni kikubwa, ni sawa, au taarifa hazitoshi kuamua. Tazama hili. Umeambiwa kwamba x kipeo cha pili ni 9. Kiasi A ni x, Kiasi B ni 3. Mkono unataka kubofya "sawa". Lakini –3 nayo, ukiizidisha kwa yenyewe, inatoa 9. Kwa hiyo x inaweza kulingana na 3 au kuwa ndogo kuliko 3, na jibu ni la nne. Hesabu yenyewe ni ya dakika sifuri, ila inamkamata kila anayefikiri kwa namba chanya peke yake.

Dawa ni mazoea ya kujaribu namba za tabia tofauti: 0, 1, –1, nusu, hasi nusu, na namba moja kubwa. Nusu ukiipandisha kipeo cha pili inapungua, inakuwa robo, na maswali mengi yamejengwa juu ya jambo hilo tu. Namba mbili ulizojaribu zikikupa majibu mawili tofauti, acha, jibu ni la nne. Na pande zote mbili zikiwa na namba tupu, bila herufi yoyote, jibu la nne halipo, kwa kuwa namba zinazojulikana hulinganishika daima. Fanya maswali haya mengi kuliko ya aina nyingine yoyote.

Kwenye maswali ya kuchagua, angalia umbo la kisanduku. Duara maana yake jibu ni moja. Mraba maana yake majibu yanaweza kuwa moja au zaidi, na ukiacha hata moja lililo sahihi hupati kitu.

Jometri ni fupi lakini kanuni hazitolewi, lazima uje nazo kichwani: eneo na mzingo wa duara, pembetatu mraba za 3, 4, 5 na 5, 12, 13, na zile zenye pembe za 45 au za 30 na 60. Michoro ya jometri si lazima iwe imechorwa kwa kipimo. Pembe inayoonekana kama mraba si mraba mpaka uambiwe. Grafu za takwimu, mstari wa namba na michoro ya majira (yenye mihimili ya x na y) ndiyo ya kuamini kwa macho.

Kikokotoo utapewa, kiko kwenye skrini, chako hakiruhusiwi. Kinajumlisha, kinatoa, kinazidisha, kinagawanya na kutafuta kipeuo cha pili. Kinaonyesha tarakimu nane tu. Zidisha 10,000 kwa 10,000 uone kinavyokuandikia kosa. Ndiyo maana sheria za vipeo lazima uzijue kwa mkono. Kwenye mazoezi zoea kukitumia pale tu unapogawanya namba mbaya, maana kukibofya kwa kila hesabu kunakula muda.

Muda wenyewe ni kama sekunde 105 kwa swali. Mara yangu ya kwanza nilikwama kwenye swali la duara lililo ndani ya mraba. Nilijua kwamba nalijua, nikalipa dakika tano, na maswali matatu ya mwisho sikuyasoma kabisa. Sikujua wakati ule kwamba ndani ya sehemu moja kila swali lina uzito sawa, wala kwamba ugumu wa sehemu ya pili unategemea ulivyofanya ya kwanza. Maswali yale matatu ambayo sikuyagusa huenda yalikuwa mepesi kuliko lile la duara. Kwa hiyo jizoeze kuacha. Kuna kitufe cha kuweka alama kwenye swali ili ulirudie kabla sehemu haijaisha. Jibu lisilo sahihi halikukati alama, hivyo usiache swali lolote wazi.

Weka pia daftari la makosa. Kwa kila swali ulilokosa andika sababu kwa maneno machache: sikujua kanuni, nilisoma vibaya, nilikokotoa vibaya, au nilikimbizwa na muda. Baada ya wiki tatu lifungue. Kama "nilisoma vibaya" imejaa ukurasa, kanuni mpya hazitakuokoa. Unahitaji kupunguza mwendo kwenye mstari wa kwanza wa kila swali.

Mambo ya karatasi yashughulikie mapema. Jina la kujisajilia lifanane na la pasipoti, herufi kwa herufi. Sisi wenye majina matatu tunakosea hapa: chuoni tumeandikwa mawili, kwenye pasipoti matatu. Ukifanyia kituoni utapewa karatasi za kukokotolea, na saa yako ya mkononi itabaki nje. Ukifanyia nyumbani karatasi za kawaida haziruhusiwi. Unatumia ubao mweupe mdogo, au karatasi iliyo ndani ya plastiki angavu, na kalamu ya kufutika. Nunua ubao huo mwezi mmoja kabla na ufanyie mazoezi yako yote juu yake, kwa sababu nafasi ni ndogo na utajikuta unafuta hatua unayoihitaji. Uwe peke yako chumbani, mlango umefungwa, kompyuta imejaa chaji, na uwe na njia ya pili ya intaneti kwa ajili ya siku ambayo umeme utakatika.

Usipange tarehe iliyobanana na mwisho wa maombi, ambao kwa idara nyingi ni Desemba au Januari. Kurudia kunaruhusiwa baada ya siku 21, hadi mara tano ndani ya miezi 12, na alama zinadumu miaka mitano.

La mwisho liamue ukiwa nyumbani umetulia. Mtihani ukiisha, kabla hujaona alama, utaulizwa kama unataka zitolewe au zifutwe. Utakuwa umechoka, na akilini utakuwa na lile swali moja lililokushinda. Usizifute. Wewe ndiye unayechagua baadaye matokeo ya siku gani yapelekwe chuoni, na zisipokufaa zitabaki kwenye akaunti yako, hakuna atakayeziona.