Kupuliza Rangi ya Kopo kwenye Modeli za Plastiki

Land Rover Series III yenye chasisi ndefu ina urefu wa takriban mita 4.44, na modeli yake ya kipimo cha 1:24 haizidi sentimita 18 na nusu. Gari limepungua mara 24, lakini rangi haikupungua. Tabaka la rangi lenye unene wa milimita 0.1 juu ya modeli hiyo ni sawa na kulipaka gari halisi rangi nene ya milimita 2.4, kiasi cha kufukia mistari ya milango, bawaba na vichwa vya ribiti. Kila ninaloeleza hapa lina shabaha moja, nayo ni kuifanya rangi ibaki nyembamba.

Hapa Arusha, rangi ya kopo iliyo rahisi kupatikana ni ile ya magari na mageti, inayouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi na ya vipuri. Rangi zilizotengenezwa mahsusi kwa ajili ya modeli, kama vile Tamiya TS za Japani zenye mililita 100, aghalabu hulazimu kuagizwa, na kwa kuwa makopo yenye gesi inayowaka huhesabiwa kuwa mizigo ya hatari, hayasafirishwi kwa ndege kama kifurushi cha kawaida. Wengi wetu basi tunatumia rangi ya magari, na hapo pana jambo la kuangalia. Vipande vya modeli hizi kwa kawaida ni vya polistirini, plastiki inayoyeyushwa na tina kali, yaani kiyeyusho kinachochanganywa na rangi. Niliwahi kupuliza rangi ya gari moja kwa moja kwenye paa la modeli, kwa wingi, nikidhani ninaokoa muda. Baada ya dakika chache nguzo nyembamba za madirisha zililegea na uso wa paa ukajaa nyufa ndogo kama tope lililokauka. Tangu siku hiyo hupuliza kwanza kwenye fremu tupu ambayo vipande vilikatwa, nikaiacha hadi kesho yake, kisha nikaikwaruza kwa ukucha. Ikiwa uso umebaki laini na rangi haibanduki, rangi hiyo inafaa, mradi ipulizwe kwa mikono myepesi. Vilevile, usipulize rangi yenye tina kali juu ya rangi ya mafuta, kwa maana ile ya chini itakunjamana.

Vipande vioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, kwa sababu hutoka kiwandani vikiwa na mabaki ya mafuta ya kalibu ambayo huifukuza rangi. Viache vikauke usiku kucha. Kwa kushikia, sijaona kifaa kinachoshinda vijiti vya mishikaki: bandika kipande nchani kwa gundi au tepu upande usioonekana, kisha chomeka kijiti kwenye boksi gumu. Usikiguse tena kwa vidole vitupu.

Hali ya hewa ndiyo inayoharibu kazi nyingi mjini kwetu. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, na asubuhi za Juni na Julai zenye ukungu kutoka Mlima Meru, unyevunyevu hutua juu ya rangi inayokauka na kuiacha na utusitusi mweupe, hasa klia isiyong'aa, ile rangi angavu ya kumalizia juu. Wakati wa kiangazi adui ni vumbi. Mimi husubiri asubuhi jua likishakausha umande na upepo ukiwa bado haujaanza, nikanyunyizia maji kibarazani ili vumbi litulie, nikaacha sakafu ikauke, na kila kipande nilichokwisha kupuliza nakifunika kwa ndoo safi iliyoinuliwa kidogo kwa kijiti ili mvuke upate pa kutokea.

Kopo nalo liandaliwe. Likiwa la baridi, rangi hutoka kwa matone makubwa. Liweke kwa dakika 5 hadi 10 ndani ya maji ya uvuguvugu, yasiyozidi nyuzi 40, wala usilisogeze kamwe karibu na jiko. Kisha litikise, na gololi iliyo ndani yake ikishaanza kugonga endelea kwa dakika nyingine mbili.

Sasa simama nje, au mahali penye hewa inayopita, ukiwa umevaa kinyago chenye vichujio vya mkaa. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa tina. Shika kopo umbali wa shubiri moja, kama sentimita 20 hadi 25. Anza kubonyeza kabla ya kufika kwenye kipande, pita juu yake kwa mwendo mmoja usiosita, na uachie ukishakivuka. Ukianzia au ukiishia juu ya kipande chenyewe, pale ndipo tone litakapotua. Mkono wa kwanza wa praima, yaani rangi ya msingi, uwe kama vumbi tu, plastiki ikionekana bado. Ngoja dakika 10 hadi 15, kisha pita tena. Praima ikishakauka, rangi yenyewe nayo hupulizwa vivyo hivyo, na kishawishi kikubwa huja kwenye mkono wake wa pili, ikiwa imekaribia kuenea na sehemu mbili tatu zikiwa bado zinaonyesha praima: liweke kopo chini. Mkono wa tatu utazifunika, na huo ndio pekee unaoruhusiwa kulowa kidogo ili uso ujilainishe. Ukiona uso umekauka ukiwa na chengachenga, ulikuwa mbali mno. Ukiona michirizi, ulikuwa karibu mno au ulikawia.

Mchirizi usiufute. Kidole kitachimba hadi kwenye plastiki. Uache siku mbili, usugue kwa msasa wa maji namba 1000, kisha pulizia upya. Rangi ikiwa bado inanuka ukiisogeza puani, haijakauka ndani.

Kwa gari la safari lenye paa jeupe, anza na weupe, kisha ukishakauka kabisa funika paa kwa tepu ya karatasi na ukandamize ukingo wake kwa ukucha. Puliza tena weupe kidogo kwenye ukingo huo; ndio utakaopenya chini ya tepu na kuziba njia, na rangi ya mchanga itakayofuata itaacha mstari ulionyooka. Tepu ivutwe polepole, ikiwa imekunjwa kujirudia yenyewe.

Ukimaliza, pindua kopo kichwa chini na ubonyeze hadi itoke gesi tupu, ili kitundu kisizibe. Kopo lililokwisha lisitupwe kwenye taka zinazochomwa uani, kwa kuwa hulipuka, na watoto hupenda kuuzunguka moto huo.