Namna ya Kuipangia Televisheni Nafasi Yake Nyumbani

Sisi tuliokulia Tanzania Bara kabla ya mwaka 1994, vituo vya kwanza vya televisheni vilipoanza kurusha matangazo huku kwetu, tuliijua televisheni kwanza kama kitu cha jirani. Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya 1970, na Kenya tangu 1962, lakini kwetu ilichelewa, na ilipofika ilifika katika nyumba chache za mtaa. Mtoto alibisha hodi, akaamkia wakubwa, akavua viatu mlangoni na kuketi sakafuni. Mwenye nyumba alipozima, watoto waliaga na kuondoka. Adabu hiyo ilitokana na ugeni wetu pale. Televisheni ilipoingia katika sebule zetu wenyewe, ugeni uliisha na adabu ikaisha pamoja nao, wala hatukuweka nyingine mahali pake. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mzazi anayetaka kuiweka adabu hiyo sasa, bila kuiuza televisheni yake na bila kugombana na watu wa nyumbani.

Anza kwa kuandika kabla ya kukataza lolote. Chukua daftari la kawaida, uliweke karibu na rimoti kwa wiki moja nzima, na kila televisheni inapowashwa iandikwe saa, jina la aliyeiwasha, kipindi, waliokuwapo, na saa ya kuzimwa. Ongeza safu moja ambayo wengi huisahau: je, kuna mtu aliyekuwa anaangalia kweli, au ilikuwa inaongea peke yake? Nilipofanya hivyo kwangu niliona kwamba ilikuwa inawashwa alfajiri kwa ajili ya habari na haizimwi hadi usiku, na kwamba saa nyingi zaidi zilikuwa za mchana, wakati mimi na mwenzangu tupo kazini, chumbani wakiwa dada anayetusaidia kazi na mtoto wetu wa miaka mitatu. Kanuni zote nilizokuwa nimezitunga kichwani zilihusu jioni. Kwa hiyo, mazungumzo ya kwanza yanapaswa kuwa na yule anayeshinda nyumbani, awe dada, bibi, au shangazi, na yawe mazungumzo ya heshima, kwa sababu yeye ndiye mlezi wa saa hizo, na mara nyingi televisheni ndiyo msaidizi pekee tuliyemwachia.

Mweleze kwa nini. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linapendekeza mtoto wa chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya kioo kabisa, na mwenye umri wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku, na hata hiyo ikipungua ni bora zaidi. Sababu yake inaeleweka na mtu yeyote aliyelea: mtoto hujifunza lugha kwa kuongeleshwa na kujibiwa, na mwili wake hukua kwa kutambaa, kukimbia na kulala vizuri, na kila saa anayokaa kimya mbele ya kioo inatoka katika mambo hayo. Hata hivyo, usimpe mlezi katazo tupu. Kama chakula cha mchana kinapikwa kuanzia saa 5, kubalianeni mtoto atafanya nini wakati huo: apewe mchele wa kuchambua hata kama ataumwaga, vifuniko vya kupanga, au ndoo ya maji uani. Naye dada apewe saa yake ya tamthilia, mtoto akiwa amelala, bila kuifanya kwa kujificha. Nimeona kanuni nyingi zikivunjika kwa sababu tu zilimnyima mtu mmoja starehe yake yote.

Saa moja ya mtoto mkubwa kidogo ichaguliwe kwa makini. Hatuna uhaba wa vipindi vizuri vya Kiswahili. Ubongo Kids, kinachotengenezwa Dar es Salaam na kilichoanza kuonyeshwa TBC mwaka 2014, hufundisha hesabu na sayansi kwa hadithi na nyimbo. Akili and Me ni cha wadogo zaidi, na utafiti uliofanyika Morogoro ulionyesha kwamba watoto waliokiangalia kwa wiki chache walipiga hatua katika kuhesabu na kutambua maumbo kuliko wenzao walioangalia katuni nyingine. Lakini kipindi kizuri hakimtoshi mtoto akiwa peke yake. Kaa naye hata dakika kumi, na umuulize maswali yasiyojibika kwa ndiyo au hapana: unadhani atafanya nini sasa, kwa nini amekasirika, wewe ungefanyaje. Kesho yake mwombe akusimulie kipindi cha jana. Asiyeweza kusimulia chochote hakuwa anaangalia. Alikuwa ametulizwa tu.

Tamthilia nazo zinahitaji uangalifu wa namna yake, na hapa ningependa tusiharakishe, kwa sababu ndipo nguvu halisi ya televisheni ilipo. Watafiti waliochunguza Brazil waligundua kwamba maeneo yaliyofikiwa na matangazo ya Globo, kituo kikubwa cha tamthilia, wanawake walizaa watoto wachache zaidi, na hakuna aliyewahubiria uzazi wa mpango: familia za kwenye tamthilia zilikuwa ndogo tu, siku baada ya siku. Katika vijiji vya India, televisheni ya kebo ilipofika, wanawake wachache zaidi walisema kwamba mume ana haki ya kumpiga mkewe. Hadithi, basi, huweza kutubadilisha hata kwa heri, nayo hutubadilisha bila kubisha hodi. Ndiyo maana tamthilia za Kituruki na za Kihindi zilizotiwa sauti za Kiswahili, ambazo sasa zinaingia sebuleni kwa lugha ya mama, hazifai kuachwa zipite bila neno. Usizifungie. Ziangalie pamoja na vijana wako na uulize: fedha ya nyumba hii inatoka wapi, nani anapika na kufua, mbona hakuna mtu anayekwenda kazini, na huyu anayemvizia msichana kila siku, je, hiyo ni mahaba au ni usumbufu? Msichana wa miaka 14 aliyezoea kuulizwa hivyo ataanza kuuliza mwenyewe.

Kwa taarifa ya habari ya saa 2 usiku, kanuni yangu ni fupi: watoto walio chini ya miaka kumi wawe wamekwisha kuondoka sebuleni, kwa kuwa picha za ajali na vita huwafuata kitandani. Ikitokea wameona, waambie jambo hilo limetokea wapi, na ni umbali gani na kwetu.

Matangazo ya kamari yanahitaji mkono mkali zaidi. Nchini Kenya, Aprili 2025, bodi inayosimamia michezo hiyo iliyasimamisha kwa siku 30, lakini mzazi hawezi kungoja serikali. Yakianza katikati ya mpira, punguza sauti na mweleze kijana kwamba tangazo humwonyesha mmoja aliyeshinda na kuwaficha waliopoteza. Vilevile, fungua sehemu ya mipangilio kwenye king'amuzi chako, utafute udhibiti wa wazazi, na ubadilishe namba ya siri, maana ile iliyotoka nayo kiwandani mara nyingi ni 0000 au 1234, na watoto wanaijua kabla yako.

Yanabaki mambo mawili ambayo huwalenga watu wazima, nayo ni magumu kuliko yote. Wakati wa kula, izimwe, hata kama mechi imebaki dakika tano. Baba anayejipa ruhusa hiyo amewapa watoto wote. Na mgeni akiingia, izimwe kabla hajaketi, wala isipunguzwe sauti tu, kwa kuwa mgeni anayezungumza huku macho ya wenyeji yakihamia pembeni anajua vizuri kwamba hajapokelewa.

Baada ya mwezi mmoja, rudisha daftari karibu na rimoti kwa wiki nyingine, na safari hii mwachie mtoto anayejua kuandika ndiye ajaze safu zote, pamoja na ile ya jina la aliyewasha, likiwamo jina lako.